Milioni 17 za Kwenye Simu

Fundi alikuwa chini ya gari. Kilichoonekana ni miguu tu, kandambili moja imemvuka, imekaa peke yake juani. Simu ikaita. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, nikaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuweka sauti ya nje.

"Kaka, habari za Mtwara? Ile chuma bado unayo?"

Dalali wa Dar. Aliniuzia rimu miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo hajawahi kunipigia hata kunipa pole ya msiba.

"Ipo."

"Ya klachi, si ndiyo? Na injini ile ile iliyokuja nayo?"

"Ile ile."

"Basi kuna mtu wangu ana kumi na saba. Keshi, kaka. Usimpe mtu mwingine."

Chini ya gari, spana ikanyamaza.

Gari hilo, Toyota Altezza, nililinunua mwaka 2016 kwa milioni 8.5, na kati ya hizo milioni 2 zilikuwa za shemeji. Fundi akajivuta nje taratibu, akakaa kitako kwenye kipande chake cha boksi, akanitazama usoni.

"Bosi, kasema kumi na saba au kumi na mbili?"

Kumi na saba.

Wiki sita sasa swali ni lile lile, nalala nalo na kuamka nalo. Hivi bei za magari haya zimeanza kupanda kweli, au kuna mtu ananipima akili?

## Gari la michezo, kwa kiasi chake

Altezza mnalijua, sitawachosha. Ila kuna Altezza na Altezza. Mengi mnayoyaona ni yale ya injini ya 1G, silinda 6, otomatiki, matulivu kama mtu aliyeshiba. Langu ni RS200: injini ya 3S-GE, silinda 4, gia 6 za kukanyaga klachi, nguvu za farasi 210 kutoka kwenye lita 2 bila tabo. Lilipotoka mwaka 1998 hiyo haikuwa kazi ya kitoto, na Wajapani wakalitunuku tuzo yao ya gari la mwaka. Taa zake za nyuma zikaigwa dunia nzima, mpaka zikafungwa kwenye magari yasiyo na uhusiano wowote nalo.

Mtu wa Porsche atacheka akisikia gari la milango minne naliita la michezo. Acheke. Hajawahi kutoka nalo Mangamba asubuhi ya Jumapili, barabara tupu, ukaacha mshale upite 6,000 na ile sauti ya mbele ikabadilika kutoka kunung'unika kuwa kuimba, halafu ukapunguza mapema kwa sababu trafiki na tochi yake hawana Jumapili, na ghuba ya Mikindani ikafunguka mkono wako wa kulia.

Ndani kuna dashibodi iliyotengenezwa mfano wa saa ya mkononi, duara kubwa na viduara vidogo ndani yake. Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa akiichungulia na kuniuliza, "Baba, sasa hivi saa ngapi?" Namtajia saa yoyote, anaridhika.

Hilo ndilo gari lililotajiwa milioni 17.

## Siku tatu za utajiri

Nakiri, siku tatu za kwanza niliamini.

Nilianza kulifunika turubai. Nikamkataza kijana wa jirani kuliosha, kwa sababu kitambaa chake nakijua, kina mchanga wa tangu mwaka juzi. Sokoni nikawa naenda kwa bodaboda. Mke wangu akauliza gari lina nini, nikamjibu kwamba linapumzika. Usiku nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kiwanja, nimeshachimba msingi, nimeshamlipa shemeji zile milioni 2 ambazo mwenyewe alishaacha kuzitaja.

Siku ya nne nikaingia mtandaoni kuangalia wenzangu wanauzaje.

Milioni 14. Milioni 16. Moja ya Mwanza, nyeupe, milioni 19. Nikachukua daftari la hesabu la binti yangu, kurasa za nyuma, nikaanza kuandika: rangi, injini, gia, namba, bei. Namba inasema mengi, si lazima niwaambie. Gari la namba B, yaani la usajili wa zamani, hata lililofanyiwa polishi linabaki kuwa la namba B. Nikafikisha matangazo 11. Kila Jumamosi narudi kuyaangalia kama mtu anayekagua mitego.

Wiki ya tano, tisa yalikuwa bado yapo. Picha zile zile, mwanga ule ule wa jioni, ndala zile zile kwenye kona ya picha moja ambayo sasa naweza kuichora kwa kumbukumbu. Kilichobadilika ni maneno. Mwanzo "bei haipungui". Baadaye "bei maelewano". Mwishowe "muuzaji ana shida".

Mawili yalikuwa yameondoka. Mmoja wa wauzaji nikampigia, nikajifanya mnunuzi aliyechelewa.

"Lishaenda, ndugu yangu."

"Kwa ile ile kumi na sita?"

Akacheka. Akacheka kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kwa watu wasiojuana. "Kumi na moja na nusu. Na nikamwachia spika."

## Mjomba

Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, hata ukiwa na mvi. Wangu anakaa Tandahimba, ana mikorosho, na magari anayaona yote ni sawa ilimradi yanafika. Alikuja mjini kwa shughuli zake, akalala kwangu, nikamsimulia habari nzima huku tunakunywa chai. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza maswali mawili.

"Mpwa wangu, huyo mtu umemwona?"

"Bado, mjomba."

"Hela yake umeiona?"

"Bado."

"Basi una gari. Kumi na saba huna."

Akaomba aongezewe sukari.

Ningeweza kulichukua kama jibu la mzee asiyeelewa magari. Lakini bei anaijua kuliko mimi. Mkulima wa korosho wa huku amekaa kwenye minada ya stakabadhi ghalani miaka na miaka. Ameona barua za wanunuzi zikifunguliwa hadharani na bei zikisomwa kwa sauti, na wenzake wakipiga kelele za kukubali au kukataa. Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mtandao, kelele zimepungua. Msimu wa 2018 wakulima walizikataa bei za wanunuzi, na Novemba mwaka huo serikali ikatangaza itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tarehe ya tangazo watu wa huku wanaikumbuka kwa pamoja. Tarehe ambayo hela iliingia mkononi, kila mmoja anaikumbuka ya kwake.

Na si korosho tu. Mliokuwepo Mtwara wakati wa joto la gesi mnakumbuka viwanja vilivyokuwa vinataja bei. Nina rafiki mwenye eneo Lindi, upande wa Likong'o kunakosubiriwa kiwanda cha kusindika gesi. Ukimuuliza utajiri wake atakutajia tarakimu, na ukimwomba elfu kumi ya mafuta atakuomba umvumilie.

Bei pekee inayotangazwa halafu ikalipwa kama ilivyo, nadhani, ni ile ya petroli, EWURA wanaitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hiyo hata uwe na mjomba wa aina gani, unalipa.

Basi nikafunga daftari. Nikatoa turubai. Nikaenda na gari sokoni.

## Lakini huko nje kuna kitu

Ningekuwa mtu wa kuridhika upesi, makala hii ingekuwa fupi. Kilichonirudisha ni swali dogo. Kwa nini dalali aliuliza klachi na injini kabla ya kuuliza hali ya gari? Mtu anayebahatisha hauliziulizi hivyo. Huyo ametumwa na anayejua anachotafuta.

Marekani wana sheria ya mwaka 1988 inayobana magari yasiyotengenezwa kwa viwango vyao, ila gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia. Ndiyo maana Nissan Skyline ya R32 iliyotoka 1989 ilianza kutafutwa huko 2014, na R34 ya 1999 ikafunguliwa mlango 2024. Altezza za kwanza, za 1998, zilitimiza umri huo mwaka 2023. Wamarekani walikuwa na ndugu yake mwenye beji ya Lexus, lakini hii injini ya kwangu hawakuwahi kuuziwa.

Sisi tumezoea kuokota tulichoachiwa. Mjapani ana ukaguzi wake wa gari kila baada ya miaka miwili, na kodi inayopanda gari likizeeka, basi analiuza, na sisi tunalipokea kwenye meli. Foleni ilikuwa fupi: wao, halafu sisi. Sasa katikati yetu ameingia mtu mwenye dola, na Julai 2024 yen ilishuka hadi zaidi ya 160 kwa dola moja, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1986. Kwa mwenye dola, mnada wa Japani ulikuwa kama duka lililoandika punguzo mlangoni.

Ile Toyota Supra ya rangi ya chungwa ya kwenye sinema ya Fast and Furious iliuzwa Las Vegas mwaka 2021 kwa dola 550,000. Hiyo tuiache, ni bei ya sinema. Ila mwaka huo huo, Juni, magari yaliyotumika Marekani kwa ujumla wake yalikuwa yamepanda asilimia 45 ndani ya miezi 12, kwa sababu korona ilikuwa imebana viwanda na vile vipuri vidogo vya umeme havipatikani. Halafu yakashuka, kufikia Desemba 2022 yalikuwa chini kwa karibu asilimia 9 ya mwaka uliotangulia. Kupanda kupo na kushuka kupo, sawa na korosho.

Na huku kwetu kuna ukuta. Wakenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila tunalipishana: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini isiyozidi sisii 2,000, mwingine asilimia 30 kwa sababu gari limezidi miaka 10, na juu ya mkusanyiko wote huo VAT asilimia 18. Ukipiga hesabu yote, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe. Thamani hiyo TRA wanaitoa kwenye mfumo wao, usije na risiti ya kuhurumiana. Kwa hiyo anayetaka RS200 ya klachi leo ana njia mbili. Agize, ashindane na Mmarekani kisha alipe ukuta. Au atafute iliyokwisha kuruka ukuta zamani.

Kama yangu.

Turubai nikalirudisha. Sina cha kujitetea.

## Shilingi nayo

Usiku mmoja umeme ulikatika, nikakaa barazani na kalamu. Milioni 8.5 za 2016 ni shilingi ngapi za leo?

Mwaka ule dola ilikuwa kama shilingi 2,180. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Ukienda kwa njia ya dola, gari langu lilipaswa kuwa milioni 10 na ushee bila mtu yeyote kulipenda zaidi. Ukienda kwa njia ya mfumuko wa bei, ule wa asilimia 3 hadi 5 kila mwaka ambao hauumi mpaka uujumlishe, milioni 8.5 zinafika kama 11.5 mwishoni mwa 2024.

Yaani yule aliyecheka kwenye simu, aliyeuza 11.5 na kuacha spika, kama alinunua wakati nilionunua mimi, hakupata hata senti. Alirudishiwa hela yake tu, bila shokapu alizobadilisha, bila mkanda wa taimingi, bila taili.

Nilikaa na hesabu hiyo muda. Mwanga ukarudi, sikuingia ndani.

Kuna kitu kingine ambacho daftari langu lilikuwa linanificha. Kati ya yale matangazo 11, ya klachi yenye injini yake yalikuwa mawili tu. Mengine yalikuwa yamekatwa springi, yamebadilishwa injini, yametobolewa buti kwa ajili ya muziki. Hapa Mtwara nayafahamu Altezza matano. Moja ni banda la kuku, sitanii, lipo nyuma ya nyumba ya watu Majengo, na kuku wanaingilia kwenye dirisha la dereva. Tumeyatumia magari haya kama tulivyotaka, na ni haki yetu, tulinunua tuyaendeshe. Lakini kila lililokatwa limelifanya ambalo halijakatwa liwe adimu zaidi.

Nikajiona mjanja. Mimi sijakata kitu.

## Sumaku

Mnunuzi alikuja.

Hilo mjomba hakulitarajia, wala mimi. Alitoka Dar alfajiri, kilomita zaidi ya 550, na kabla ya kuondoka alinipigia kuuliza kama barabara inapitika, maana tangu kimbunga Hidaya kilipoikata Somanga Mei 2024 hakuna anayesafiri kusini bila kuuliza kwanza. Alifika jioni. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limechomekewa. Aliniamkia "shikamoo kaka" ingawa hatupishani sana, akanywa maji, akaomba kuliona.

Hakuwasha injini. Hakuuliza redio. Alitoa mfukoni sumaku ndogo, imefungwa kwenye kipande cha kanga ili isikwaruze rangi, akaanza kulizunguka gari akiigusisha. Boneti, ikanata. Mlango wa mbele, ikanata. Mlango wa nyuma, ikanata. Kila inaponata anaitikia kwa kichwa, na mimi naitikia naye kama tuko msikitini.

Juu ya tairi la nyuma la kushoto, ikaanguka.

Akaiokota, akajaribu sentimita chache pembeni. Ikaanguka tena.

Upande huo ndio unaotazama bahari. Miaka tisa nimeegesha gari Shangani, pua ndani ya geti, ubavu wa kushoto kwenye upepo. Mwaka 2019 palitoka malengelenge madogo ya kutu, nikampa mtu akapapiga fila, ule uji wa kuzibia bodi usioshika sumaku, na rangi, pakawa laini, nikasahau. Kweli nilisahau, sikuwa nadanganya watu. Chumvi haikusahau.

Akalala chini na taa ya simu. Alipoinuka alikuwa na vumbi mgongoni na huruma usoni.

"Kaka, gari ni zuri. Injini safi, ndani safi. Ila kwa hali hii naweza kutoa kumi na mbili."

"Uliniambia kumi na saba."

"Kumi na saba ninazo." Akanionyesha salio kwenye simu, bila majivuno, kama anavyoonyesha mtu kitambulisho. Zilikuwepo, na zaidi. "Lisingekuwa na kutu ningekupa sasa hivi. Mwezi uliopita nililikosa moja la Dodoma, mtu alinizidi dau."

Dodoma. Hakuna bahari Dodoma.

Nilitamani mjomba awepo. Hela nimeiona, mtu nimemwona, bei ni ya kweli, na bado si yangu. Nimewahi kuandika hapa kwamba anayetaja bei kubwa ni mwongo mpaka alipe. Huyu hakuwa mwongo. Kama mtaniuliza leo bei zimepanda au hazijapanda, nitasema zimepanda kwa magari machache ambayo hayakuguswa na fundi wala upepo. Yaliyobaki yanakimbizana na shilingi, na mengi hayaifikii. Langu linaifikia na kuipita kwa laki 5. Miaka tisa, laki 5. Shokapu za mbele peke yake zilinigharimu zaidi ya hapo.

Sikumuuzia. Ningependa kusema ilikuwa mapenzi. Ilikuwa hasira, kwa sehemu kubwa, na aibu ya kukamatwa na kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Tulikula naye samaki, akalala kwa ndugu yake Chikongola, asubuhi akarudi zake. Sumaku aliisahau juu ya meza ya baraza. Nilimpigia kumwambia. Akasema, "Baki nayo, kaka, utaihitaji."

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi gari. Nikambandikia sumaku mahali inaponata, nikaisogeza mpaka ikaanguka, ili aone mwenyewe. Alichukua bisibisi, akachokonoa ile fila. Ikatoka vipande vipande kama kaukau, nyuma yake pakaonekana tairi.

"Bosi, tunaziba au tunakata?"

Kuziba nakujua. Laki na nusu, siku mbili, na hakuna atakayegundua isipokuwa mwenye sumaku.

"Kata."

Akataja bei yake. Nilimpa nusu pale pale, akavaa kandambili zake zote mbili, akaenda kununua bati.